Mzazi, Anza Kusoma Ripoti Kutoka Juu

Leo nazungumza na wewe mzazi au mlezi mwenye mtoto kidato cha nne. Na wewe ambaye wako bado yuko kidato cha pili, tafadhali usiondoke, maana kwa sehemu kubwa ya haya nitakayoyasema wewe ndiye mwenye muda wa kuyafanyia kazi.

Msimu wa mahafali umefika. Wiki hizi ukipita kwenye shule zetu utakuta maturubai yamefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, wanafunzi wanafanya mazoezi ya ngonjera na risala, na walimu wanahangaika na mgeni rasmi ambaye hajathibitisha. Huko majumbani kuna michango, kuna kitambaa cha sare ya familia, kuna keki. Ni furaha ya haki kabisa. Mtoto aliyemaliza miaka minne ya sekondari anastahili kushangiliwa na watu wake.

Lakini hapa kwetu Tanzania mahafali huja kabla ya mtihani. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne unafanyika Novemba, na sherehe tunaifanya Septemba au Oktoba. Anayevishwa mashada ya maua siku ile hajamaliza kitu; yuko katika wiki ngumu kuliko zote alizowahi kuziishi shuleni. Na katika wiki hizo hizo, karatasi zitakazoamua mwakani atakuwa wapi ama zimeshajazwa au ziko mbioni kujazwa. Wazazi wengi wanajua bei ya keki, na hawajui mtoto amejaza nini kwenye fomu yake. Hilo ndilo linalonileta kwenu leo.

Nianze na ripoti ya shule. Siku ya kikao cha wazazi, simama kando ya mlango wa darasa uwatazame watu wanavyopokea ripoti. Mama anaifungua, kidole chake kinashuka moja kwa moja hadi chini, pale palipoandikwa: Nafasi, 41 kati ya 96. Uso unabadilika hapo hapo. Anamgeukia mtoto: arobaini na moja? Wenzako arobaini wana vichwa vya namna gani? Ripoti inakunjwa, inaingia kwenye mkoba. Kule juu kulikuwa na masomo tisa, kila moja na alama yake, na maoni ya mwalimu wa somo, na yote hayo hayakusomwa. Jirani akiuliza jioni, jibu ni moja: amekuwa wa arobaini na moja.

Mzazi mwenzangu, Baraza la Mitihani halijui mwanao alikuwa wa ngapi darasani, na wala haliulizi. Ukienda chuo chochote cha nchi hii na cheti cha kidato cha nne, hakuna dirisha ambapo utaambiwa utaje nafasi yako ya darasani. Mtihani wa taifa una viwango vyake vilivyowekwa: kuanzia 75 ni A, kuanzia 65 ni B, kuanzia 45 ni C, kuanzia 30 ni D, chini ya hapo ni F. Wanafunzi wote 96 wakivuka 75, wote wana A. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, zinajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 na 35 ni sifuri. Basi.

Na nafasi ya darasani inapatikanaje? Kwa shule nyingi ni wastani tu. Wanajumlisha alama za masomo yote, wanagawa kwa idadi ya masomo, wanapanga majina kutoka juu kwenda chini. Sasa nikuombe uchukue kalamu, nikupe mfano wa watoto wawili. Namba ni za mfano, ila mwalimu yeyote wa taaluma atakwambia watoto wa namna hii anao darasani kwake.

Wa kwanza anasoma masomo saba, yale ya lazima tu. Ana Uraia 72, Historia 70, Jiografia 68, Kiswahili 78, Kiingereza 71, Baiolojia 58, Hisabati 38. Jumla 455. Gawa kwa saba, wastani ni 65. Huyu anaweza kuwa wa sita darasani.

Wa pili ameongeza Fizikia na Kemia, ana masomo tisa. Uraia 61, Historia 52, Jiografia 66, Kiswahili 70, Kiingereza 63, Baiolojia 67, Hisabati 54, Fizikia 50, Kemia 57. Jumla 540. Gawa kwa tisa, wastani ni 60. Huyu atakuwa wa kumi na tisa, au wa ishirini na kitu.

Nyumbani kwa wa kwanza kunapikwa pilau. Nyumbani kwa wa pili kuna maneno. Lakini hebu tazama alichoshika huyu wa pili. Masomo yote tisa yana C au zaidi. Akitaka kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano, ile PCB, sifa anazo. Akitaka PCM, yenye Hisabati badala ya Baiolojia, anazo. CBG, ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, anazo. Akibadili mawazo akaenda kwenye Historia na lugha, bado anazo. Asipotaka kidato cha tano kabisa, akataka utabibu kwa ngazi ya stashahada, masomo ya sayansi yanayotakiwa yako kwenye cheti chake.

Wa kwanza naye ni mwanafunzi hodari, nisieleweke vibaya. Kwa alama hizo anapata daraja la kwanza la pointi 16, wakati mwenzake mwenye pointi 18 yuko daraja la pili. HGK, HGL na HKL, zile za Historia, Jiografia na lugha, zote zinamngoja, na nchi hii inahitaji wanasheria, walimu wa lugha, waandishi na wachumi kama inavyohitaji madaktari. Ninachosema ni kwamba nafasi ya sita na nafasi ya kumi na tisa hazikukwambia habari hiyo hata kidogo. Ukitaka kuijua, unasoma ripoti kutoka juu, somo baada ya somo.

Na hapo ndipo ninapokuja kwako wewe wa kidato cha pili. Milango mingi haifungwi kidato cha nne, inafungwa mtoto anapoingia kidato cha tatu, siku anapochagua mchepuo. Katika shule nyingi hiyo ni siku moja tu. Mwalimu anaingia darasani, anasema wanaoendelea na Fizikia na Kemia waandike majina huku, wasioendelea waandike kule. Mtoto ana miaka kumi na tano. Anamtazama rafiki yake anaandika wapi. Anakumbuka mwalimu wa Fizikia alivyomchapa, au kwamba shule haijawa na mwalimu wa Fizikia tangu mwezi wa tatu. Anaandika jina kule. Nyumbani hakuna aliyeambiwa, na wala hakuna aliyeuliza, maana matokeo ya kidato cha pili yametoka na mtoto amefaulu na amepanda nafasi tano.

Miaka miwili baadaye mtoto huyo huyo anasema anataka kuwa tabibu, yule anayetibu kwenye vituo vya afya na zahanati zetu. Sifa ya kuingia stashahada ya utabibu ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, na kati yake lazima iwepo Kemia, lazima iwepo Baiolojia, lazima iwepo Fizikia. Kufaulu maana yake angalau D. Sikiliza vizuri, mzazi: D ya Fizikia, ile iliyomshusha wastani na kumrudisha nyuma darasani, ingempeleka chuoni. Aliyeiacha Fizikia ili apande nafasi hana hata hiyo D. Itabidi aisome upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, atafute kituo, alipe, angoje Novemba nyingine.

Ninawajua wazazi waliofurahi mtoto kuacha masomo mawili magumu kwa sababu ripoti iliyofuata ilipendeza. Nawaelewa. Ripoti nzuri inapumzisha moyo. Lakini kabla mtoto hajaacha somo lolote, nenda shuleni, keti na mwalimu wa taaluma, muulize maswali mawili. Somo hili likiondoka, mtoto hawezi tena kusomea nini? Na tatizo ni mtoto, au ni mwalimu hayupo? Kama mwalimu hayupo, hilo lina dawa zake: kuna wazazi waliochangishana wakamlipa mwalimu wa kujitolea, kuna masomo ya ziada wakati wa likizo. Kama mtoto kweli somo halimwingii na moyo wake uko kwingine, basi aliache kwa kujua, na wewe ujue.

Watoto walioanza na mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 wana mpangilio wa masomo ulio tofauti, na wao wana mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mzazi wao asichukue orodha yangu ya leo kama ilivyo. Maswali mawili yale, hata hivyo, ni yale yale.

Je, nafasi ya darasani haina faida yoyote? Inayo, na nitaitaja, maana sitaki mtu aende kumwambia mtoto kwamba redio imesema nafasi si kitu. Kwanza lazima ujue darasa lenyewe ni la namna gani. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini kwao akachaguliwa kwenda Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Msalato au Kibaha, hizi shule za vipaji maalumu, ameketi na watoto ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Akiwa wa hamsini na nane pale, bado anaweza kuwa na daraja la kwanza safi. Mwingine ni wa tatu katika darasa ambalo wastani wa juu kabisa ni 48. Ukilinganisha nafasi za watoto hao wawili, kama ndugu wanavyofanya kwenye vikao vya ukoo, unamvunja moyo mmoja na kumlaza usingizi mwingine.

Lakini mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe, ndani ya darasa lile lile, muhula kwa muhula. Alikuwa wa nane, akawa wa kumi, halafu ghafla wa thelathini na tano. Hapo nafasi imekuletea taarifa, na taarifa hiyo haihusu akili, kwa sababu akili haipotei kwa miezi mitatu. Haoni ubaoni? Watoto wengi wanahitaji miwani na hawajui, wanadhani kila mtu anaona ukungu. Anatembea saa mbili kwenda shule baada ya ninyi kuhama? Binti ana mtu anayemsumbua njiani? Kuna ugomvi nyumbani ambao mnadhani hausikii? Uliza kwa upole na uulize mapema. Kiboko hakijawahi kumtibu mtoto macho.

Alama za shule nazo zina kazi yake nyingine. Kwa mwanafunzi wa shule, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne una uzito wa asilimia 70, na asilimia 30 hutokana na alama za maendeleo alizokusanya akiwa shuleni. Kwa hiyo anayesema atasoma mwaka wa mwisho tu ameshaacha kitu njiani. Kinachobebwa kwenda huko, hata hivyo, ni alama zake. Nafasi yake inabaki shuleni.

Kuhusu kupanga watu kwa nafasi, Baraza la Mitihani lenyewe lilichukua hatua kubwa. Januari 2023, aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wake, Athumani Amasi, alipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, hakutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, jambo lililokuwa desturi kwa miaka mingi. Alisema utaratibu ule hauna tija. Kenya walikuwa wameacha kupanga shule na wanafunzi mwaka 2014. Nakumbuka malalamiko ya watu: sasa tutajuaje nani bora? Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Mtoto wa shule yenye maabara tatu na mtoto aliyejifunza Kemia bila kuona chupa ya asidi wamefanya mtihani mmoja. Cheti kitatoa alama zao, na hilo linatosha. Lakini kile ambacho Baraza limekiacha kitaifa tumekibakiza majumbani, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu nyumbani anayetangaza matokeo ni baba.

Sasa tuingie kwenye Selform. Hii ndiyo fomu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anajaza kuonyesha tahasusi anazotaka kidato cha tano, hizi ambazo watoto wanaziita kombi, na kozi za vyuo anazozitaka. Inajazwa shuleni. Mtoto mwingine anaijaza kwa dakika kumi akiwa amesimama, maana kuna foleni nyuma yake. Kwa maelfu ya watoto, dakika hizo zimeamua kama watasoma au hawatasoma wanachokipenda.

Mwezi Machi 2024, serikali kupitia TAMISEMI ilitangaza tahasusi mpya 49, na hivyo kufanya jumla kuwa 65. Kabla ya hapo zilikuwa 16. Sisi wazazi tulisoma zamani, na vichwani mwetu kuna tano au sita: PCM kwa wahandisi, PCB kwa madaktari, EGM na HGE kwa wachumi, HGL kwa wanasheria, basi. Siku hizi kuna kundi la michezo, kuna la sanaa, kuna la elimu ya dini, kuna lugha ambazo hatukuzisoma, kuna masomo ya biashara na ya kompyuta yaliyounganishwa kwa namna mpya. Mtoto anapokutajia kombi usiyoijua, usimjibu kwamba hiyo si kombi. Mwambie akuonyeshe, mwende wote kwa mwalimu.

Lakini na mtoto naye aelezwe. Tahasusi 65 ziko kwenye orodha ya taifa, haziko kwenye kila shule. Shule moja inaweza kuwa na nne au tano tu. Kombi ambayo shule zake ni chache inapokea wachache. Na kombi mpya zinataka zichunguzwe mbele pia: baada ya kidato cha sita, ni kozi zipi za chuo kikuu zinazoipokea? Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kinaeleza sifa za kila kozi ya kila chuo, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, na mtoto mwenye simu ya mjomba anaweza kukisoma jioni moja. Shahada ya udaktari wa binadamu, kwa mfano, inataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, kidato cha sita. Mtoto wa CBG aliyeambiwa na rafiki kwamba atakuwa daktari kwa sababu ana Kemia na Baiolojia amedanganywa, na ni vizuri aujue ukweli kabla ya kujaza kuliko baada ya miaka miwili.

Na miongoni mwa masharti ya kidato cha tano ni haya. Awe na C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, na pointi zake za masomo saba zisizidi 25. Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kusoma ripoti kutoka juu. Mtoto mwenye 43 kwenye Jiografia yuko alama mbili tu chini ya C. Mwenye 63 Kiswahili yuko alama mbili chini ya B. Muda uliobaki hadi Novemba unatosha kabisa kuzipata alama mbili, kama mtoto na mzazi wamekaa wakaziona. Haumtoshi mtoto kutoka nafasi ya 41 hadi ya kwanza, na hakuna sababu ya kumdai hivyo. Chukueni karatasi leo usiku. Andikeni masomo yake yote kwa alama za mtihani wa majaribio, ule wa moko. Pigieni mstari yale yaliyo karibu na mpaka. Hayo ndiyo ya kusukumwa.

Niseme neno kuhusu ndoto za wazazi, na ninalisema kwa heshima. Kuna baba anayetaka mwana daktari kwa sababu yeye mwenyewe alitaka na hakupata nafasi. Kuna mama aliyeuza mashamba akiamini binti atakuwa mhandisi. Mapenzi hayo ni ya kweli. Lakini kijana aliyesukumwa PCB na roho yake iko kwenye Historia atakaa miaka miwili akihesabu siku, na kidato cha sita atatoka na alama ambazo hazimwingizi udaktari wala hazimwingizi anakokupenda. Zungumzeni kabla ya fomu. Na mzungumze kweli, mkae mkao wa kusikilizana: yeye aseme anataka nini na kwa nini, wewe useme unaogopa nini. Mara nyingi mzazi anaogopa ajira. Hilo ni jambo la haki, na mtoto wa miaka kumi na saba anaweza kulijadili akipewa nafasi.

Kuna njia nyingine ambayo familia nyingi huiona ya walioshindwa, nami napenda tuiheshimu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kwenda moja kwa moja kwenye stashahada ya ufundi: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ile DIT, au Chuo cha Ufundi Arusha, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kuna Chuo cha Maji pale Ubungo. Kuna vyuo vya ardhi Tabora na Morogoro. Baadhi ya nafasi hizo mtoto huzichagua kwenye Selform hiyo hiyo. Anasoma miaka mitatu, anatoka ana ujuzi wa kushika mkononi, na akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba chuo kikuu kama anavyoomba wa kidato cha sita. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Kwa upande wa kidato cha tano na sita, ada kwenye shule za serikali iliondolewa mwaka 2022. Kwa hiyo mkizungumza, msiseme hii ni ya wenye fedha na ile ni ya maskini. Tazameni mtoto anapenda kufanya nini kwa mikono yake na kwa kichwa chake.

Na aliyefeli? Atakuwepo, na baba yake ananisikiliza sasa hivi. Mtoto mwenye daraja la nne ana vyuo vinavyompokea kwa ngazi ya cheti akiwa na ufaulu wa masomo yanayotakiwa. Mwenye masomo mawili yaliyomwangusha anaweza kurisiti hayo mawili. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA viko mikoani. Matokeo yakitoka Januari, siku hiyo asibaki peke yake na simu. Kaa naye.

Limebaki jambo ambalo ni dogo kwa maandishi na ni kubwa kwa usumbufu, nalo ni jina. Jina ambalo mtoto amesajiliwa nalo kufanya mtihani ndilo litakaloandikwa kwenye cheti maisha yake yote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rashidi, shule imeandika Rashid. Cha kuzaliwa kina jina la babu, usajili wa shule una jina la baba wa kambo. Siku ya kuomba mkopo, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na majina yakipishana ndipo safari za kwa mwanasheria na hati za kiapo zinapoanza, wakati wenzake wameshafungua chuo.

Kwa hiyo siku ya mahafali, mzazi mwenzangu, fika mapema kidogo, kabla ya mgeni rasmi. Nenda na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mtafute mwalimu wa taaluma, mwombe akuonyeshe vitu viwili: jina la mwanao kwenye orodha ya watahiniwa, herufi kwa herufi, na kile alichokijaza kwenye Selform. Kama kuna cha kurekebishwa, muulize mwalimu utaratibu na uandike tarehe ya mwisho. Baada ya matokeo TAMISEMI hufungua mfumo kwa muda ili wanafunzi wabadilishe tahasusi na kozi. Muulize mwalimu mtoto ataingiaje humo, na nywila yake ahifadhi nani. Ukishapata majibu hayo, nenda kaketi chini ya turubai na wenzako, na jina la mwanao likiitwa, simama umpigie vigelegele hata kama ameitwa wa mwisho.